Gereji isiyo na kibao Kizota: fundi aliyekataa kunibadilishia tairodi

Kwanza msitafute jina maana haina, iko Kizota hapa Dodoma, upande wa maghala, chini ya mwarobaini, kuna injini kuukuu imewekwa juu ya tairi hapo ndo mapokezi. Nimeona niandike kwa ajili ya wenye pickup za kazi, maana hela niliyotupa kabla ya kufika hapa naijua mwenyewe.

Yangu ni Land Cruiser 79, ile ya injini ya dizeli ya 1HZ, inabeba mahindi kwenda Kibaigwa na msimu wa zabibu inashinda Hombolo. Ilianza kugonga "ko!" chini ya miguu kila nikikata kona taratibu, alafu kwenye lami ikifika 80 nikikanyaga kashimo kadogo tu usukani unatetemeka mkono mzima, yani mpaka nipunguze karibu nisimame ndo unatulia. Baadaye, nikiwa nimeshaanza kuzunguka gereji, tairi za mbele nazo zikaanza kuliwa kwa ndani zote mbili.

Gereji ya kwanza wakabadilisha tairodi zote (vile vyuma vya kusukuma tairi ukikata usukani), hawakupima kitu. Ya pili wakaweka shokapu mpya ya stelingi, ile ya kutuliza usukani usitetemeke, kweli ikatulia wiki mbili nikasema nimepona, kumbe wapi.

Mzee huyu ni Mgogo, nikamwamkia mbukwenyi akacheka, nikamwambia fundi naomba unicheki tairodi. Akasema "mwanangu, umekuja na ugonjwa au umekuja na dawa?" Nikanyamaza.

Sasa alichofanya sijawahi kuona. Gari hakuipiga jeki, iliachwa imekanyaga chini na injini inawaka, kijana wake akakaa ndani anachezesha usukani kidogo kidogo kushoto kulia, mzee kalala uvunguni anashika jointi moja moja kwa kiganja. Anasema uzito ukiwa kwenye tairi ndo kilichokufa kinajionyesha, ukiinyanyua mapema kuna vitu vinaning'inia vinajificha. Akaniita nilale na mimi nione (shati jeupe, haya), nikaona kwa macho yangu difu nzima ya mbele, yani ekseli yote inayoshika tairi mbili, inahama pembeni kabla tairi hazijakata! Tairodi zangu mpya wala hazina shida. Ni bushi za panhadi, lile fimbo refu limetoka kwenye chesisi linashika difu isihame kushoto na kulia, mpira umeisha kabisa chuma kinagonga chuma, hiyo ndo "ko" yangu.

Ndo akapiga jeki. Akashika tairi juu na chini akatikisa, inacheza. Mi nikajua beringi za wili, akaniambia panda ukanyage breki, nikakanyaga, akatikisa tena bado inacheza. Ingekuwa beringi za wili breki ingeshika mchezo ukapotea, ikibaki hivyo ni kingpini, pale tairi inapozungukia ukikata kona. Kufungua, sili ya ekseli ilishakufa siku nyingi, oili ya difu imechanganyika na grisi imekuwa uji mweusi, beringi za kingpini zina alama kama zimegongwa na nyundo. Shokapu ya stelingi akasema ilikuwa inaziba mdomo tu, mgonjwa yuko palepale.

Za kuliwa tairi ndo nilicheka kwa uchungu. Alipitisha kiganja juu ya kashata za tairi, ukienda nje laini, ukirudi ndani inakwaruza kama msumeno. Hao wa kwanza walivyofunga tairodi hawakurekebisha tou (tairi mbili zinavyoelekeana kwa mbele), tairi zikawa zinatembea zimefunguka mbele, zinaburuzwa. Na kuna sehemu ya alaimenti walishaniambia nilipie kurekebisha kemba, yani tairi inavyolala ndani au nje, mzee akasema difu ya hii gari ni kipande kimoja, haina boliti ya kemba, labda iwe imepinda, na yako haijapinda.

Wakati wa kufunga kingpini alitoa mizani ya kuning'iniza, ile ile ya kupimia samaki, akavutia nayo kwenye mkono wa stelingi kuona ugumu, akaongeza shimu (vibati vyembamba), akavuta tena. Mara 4 kwa upande mmoja! Njaa inaniuma, yeye wala hana habari.

Kazi 150,000, spea nilinunua mwenyewe, anakupa kile cha zamani uende nacho dukani ufananishe. Hana cha juu kwenye spea na hilo kwangu ni kubwa.

Mabaya yapo. Simu hapokei, viti hamna, vumbi la Dodoma mnalijua, na ukifika baada ya saa mbili asubuhi umeumia maana anafanya gari moja moja hakubali kuchanganya, mi nililala siku 2. Gari ikiwa ya ofisi na unataka risiti ya EFD hapa hapakufai. Pia anafoka, ukimwambia jirani yangu alisema ni kitu fulani anaweza akakurudishia funguo.

Saivi wiki ya tatu, nimeenda Kibaigwa na mzigo mara mbili, 80 naachia mkono mmoja. Kelele iliyobaki ni kioo cha mlango wa kushoto, nacho kumbe kilikuwa kinagonga siku zote sikuwa nakisikia.