Kupima Potasiamu ya Udongo: Kifaa cha Kuchomeka Ardhini na Huduma ya Maabara

Tangu vuli iliyopita, kingo za majani ya chini ya migomba yangu huko Mtongwe zimekuwa zikikauka kana kwamba zimebabuliwa na moto, ilhali majani machanga yamebaki ya kijani. Hiyo ni dalili ya upungufu wa potasiamu, kwani mmea unaoikosa huitoa kwenye majani yaliyozeeka na kuipeleka kwenye yale yanayochipua. Hata hivyo, sikutaka kununua mbolea kwa kukisia, basi nikajaribu vipimo viwili.

Cha kwanza kilikuwa kifaa cha miguu mitatu ya chuma, nilichouziwa katika duka moja la pembejeo, na kioo chake kilionyesha kwamba potasiamu imejaa tele. Kwa kutoridhika, nilichukua mchanga wa ufuoni, nikausuuza mara kadhaa kwa maji ya mvua, kisha nikaulowesha kwa maji ya kisima chetu, ambayo yana chumvi. Kifaa kikatoa tarakimu kubwa kuliko ile ya shambani. Vifaa vya namna hii hupima jinsi umeme unavyopita udongoni na kukisia virutubisho kutokana na hapo, na chumvi yoyote ile hupitisha umeme. Kwa shamba la Pwani linalonyweshwa maji ya kisima, sikishauri hata kidogo.

Maabara niliyoiendea ng'ambo ya kivuko ilinifanyia kazi ya kuheshimika. Waliniagiza nichote udongo sehemu 15, kina cha sentimita 20, nikiepuka mahali palipochomwa taka, kwa kuwa majivu yana potasiamu nyingi. Niuchanganye katika ndoo safi ya plastiki, niuanike kivulini na kuwapelekea nusu kilo. Wao huukoroga udongo katika mmumunyo wa amonia asetati, ambao huibandua potasiamu iliyoshikiliwa juu ya chembe za udongo, yaani ile ambayo mizizi inaweza kuifikia. Potasiamu iliyofungwa ndani ya madini, ambayo kwa kawaida ndiyo sehemu kubwa zaidi, hubaki pale pale, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu zao la msimu huu halitaiona.

Jibu lilikuwa miligramu 47 kwa kila kilo ya udongo, kiwango cha chini. Nimefurahi kwamba waliandika njia waliyotumia, maana tarakimu isiyotaja njia yake haiwezi kulinganishwa na nyingine. Walinishauri pia nitumie salfeti ya potasiamu badala ya kloridi, ambayo ingezidisha chumvi inayoletwa na maji ya kisima, na niigawe mara kadhaa, kwa vile udongo wa kichanga haushiki mbolea na mvua ya masika huizamisha.

Kasoro yao ni moja, nayo si ndogo: ushauri ulitaja kilo za potasiamu yenyewe, ilhali magunia huandikwa kiwango cha oksidi yake, yaani potasiamu ikihesabiwa pamoja na oksijeni. Gunia la kilo 50 lenye asilimia 50 lina kilo 25 za oksidi, sawa na takriban kilo 21 za potasiamu. Mkulima asiyeelezwa hilo ataweka pungufu akidhani ametimiza, na mstari mmoja tu kwenye ripoti ungetosha kumwokoa. Nimewaomba wauongeze.

Majani yaliyoungua hayaponi. Ninachoangalia sasa ni kingo za yale yaliyofunguka baada ya mbolea ya kwanza.