Ngao isiyozuia mshale ni ya nini?

Gemu likinipa ngao, ngao hiyo izuie mshale. Sidai zaidi ya hapo. Gemu hili la vita vya zama za kati (silitaji, wanaolicheza watalitambua) lilinipa haki hiyo tangu nilipolinunua, mpaka watengenezaji walipoleta ile apdeti yao ya juzijuzi. Sasa kila mshale unaotua kwenye ngao unakula pumzi ya mtu wangu. Inatua mitatu minne, pumzi imekwisha, mkono unashuka wenyewe, unaofuata unaingia kifuani. Na yule mpiga upinde yuko zake juu ya ukuta, hajaguswa, podo analijaza upya kutoka kwenye kasha lililo miguuni pake!

Nikawaandikia. Kwa adabu kabisa, maelezo marefu, na video nikaambatisha. Likaja jibu la mstari mmoja: ngao ilikuwa kimbilio la wavivu, jifunze kukinga kwa upanga.

Wavivu! Nani mvivu? Kukinga kwa upanga maana yake usome pigo linatokea upande gani, juu, kushoto, kulia au la kuchoma, na uliwahi. Sisi tunaocheza kutoka Dar es Salaam, seva ya karibu tuliyopewa, yaani kompyuta inayoendesha mchezo, ipo Ulaya, na taarifa zinachelewa kutufikia. Pigo ninaloliona kwenye skrini, kule limeshatua. Ngao ukiinyanyua haiulizi pigo limetoka kushoto au kulia, na ndiyo maana inanisimamisha uwanjani sawa na mtu anayeishi jirani na seva. Anayeidhoofisha hanifundishi ufundi wowote. Ananifukuza.

Na si kwamba jambo hili halina dawa. Mount & Blade: Warband, gemu jingine la vita, ni la mwaka 2010, na waliolitengeneza walishalimaliza. Mle ngao ina uhai wake: inapigwa mpaka inavunjika, na shoka linaimaliza upesi kuliko upanga. Mishale nayo inaichakaza, lakini hakuna pumzi ya kunyonywa. Hata ukiibeba mgongoni inadaka mishale ya nyuma. Wapiga upinde wanaua vizuri tu mle, ila wanahangaika: wakuvizie miguu iliyo wazi, wakuzunguke, au wangoje uishushe ngao ili umpige mtu. Kila mmoja anatoa jasho lake.

Watengenezaji wa gemu hili wanajitetea kwamba wanafuata historia. Historia ipi? Kwenye vita vya Crécy kule Ufaransa, mwaka 1346, wapiga pinde za kufyatua kutoka Genoa waliokodiwa na mfalme wa Ufaransa waliingizwa vitani huku ngao zao kubwa zimeachwa nyuma kwenye mizigo. Waingereza wakawamiminia mishale, wakavunjika, wakakimbia. Kwenye vita vya Hastings kule Uingereza, mwaka 1066, ukuta wa ngao ulisimama karibu siku nzima mbele ya wapiga mishale na wapanda farasi wa William, mtawala wa Normandy aliyeivamia nchi hiyo. Mimi hapo naona ngao inafanya kazi.

Nilikuja kutoa nyota moja. Lakini haki ni haki: mkikutana ana kwa ana langoni, pasipo mpiga upinde karibu, hili ni gemu tamu kuliko yote niliyowahi kucheza. Uzito wa nyundo, mlio wa chuma kikikutana na chuma, namna adui anavyoyumba ukimkosesha pigo lake. Waliotengeneza hayo wanajua kazi. Kwa hayo tu ningetoa nne, na marafiki zangu ningewaambia wanunue.

Ila langoni kwenyewe hufiki. Unaanguka katikati ya uwanja ukiwa umeinua ngao uliyoilipia kwa pointi zako, mara baada ya mara, halafu mwenye gemu anakuita mvivu. Basi mbili. Hapana, moja. Waache mishale ichakaze ngao badala ya pumzi, au waliondoe lile kasha ukutani. Wachague lolote kati ya hayo, nami nitakuja kuibadilisha hii nyota siku hiyohiyo.