Miezi minane na Zoom B1 Four: besi, amplifaya ya gitaa na spika iliyochanika

Napiga besi kwenye kwaya ya Kiswahili huku Katwe, Kampala, wengi wetu tukiwa tumetoka Kongo. Kifaa changu cha efekti, yaani cha kubadilisha sauti ya gitaa la besi, ni Zoom B1 Four, na huu ni mwezi wa nane. Nakipenda. Kinaingia kwenye mfuko wa mbele wa begi la gitaa, napanda nacho boda bila wasiwasi. Kinaunganisha efekti 5 kwa mpigo, kina tyuna ya kulinganishia nyuzi, na kinarekodi kipande cha sekunde 30 kikajirudia, nami nikafanyia mazoezi juu yake. Umeme ukikatika natia betri 4 za AA, navaa hedfoni, naendelea.

Ila kimeniponza, na kosa lilikuwa langu.

Amplifaya yetu ni ya gitaa, spika ya inchi 10, nyuma wazi. Uzi mnene wa besi hutetemeka mara 41 kwa sekunde. Ule mnene wa gitaa, mara 82. Spika ile ilitengenezwa kwa hiyo 82 kwenda juu. Mimi nikaongeza efekti ya oktava ya chini, ambayo hugawa mtetemo kati kwa kati: 41 ikawa karibu 20. Sauti ya chini namna hiyo sikio haliipati vizuri, basi mkono unazidi kufungua volumu, na huku karatasi ya spika inaruka mbele na nyuma kupita uwezo wake. Tulikuwa kwenye sebene, ile sehemu ya kasi ya kucheza, watu wamesimama, nami nikahamia sauti nyingine niliyohifadhi kwenye kifaa, ambayo volumu yake nilikuwa nimeipandisha kuliko zote. Ikaanza prrr, kama gazeti mbele ya feni. Nikadhani ni efekti. Baada ya ibada tukafungua wavu wa mbele: karatasi imechanika karibu na ukingo, mpasuko wa nusu mwezi, mrefu kama kidole changu cha shahada. Kwaya nzima ikachangia fundi. Iliniuma sana.

Tangu hapo volumu ya kila sauti naisawazisha nyumbani, isiwepo inayoruka ghafla. Nikipigia amplifaya ya besi, naweka volumu yake sifuri, nachomeka waya zote, nawasha kifaa, amplifaya mwisho, ndipo napandisha taratibu. Kuzima, amplifaya kwanza. Disto nzito, efekti ya kukwaruza sauti, nayo naiogopa: inajaza mawimbi hadi koili ya spika haipumui, inaunguzwa na joto. Nikiingia kwenye amplifaya nazima ule uigaji wa kabati la spika, yaani efekti inayoiga sauti ya boksi la spika. Nikienda moja kwa moja kwenye mikisa nauwasha, la sivyo besi inatoka kavu na kali.

Adapta ni volti 9, hasi katikati, yaani upande hasi wa umeme uko katikati ya ncha. Zile za kuzungusha volti kutoka 3 hadi 12, ambazo ncha yake hugeuzwa, zinauzwa kila kona ya mjini. Tazama mchoro kwenye kifaa kabla hujachomeka. Na tundu la amplifaya linalokwenda kwenye spika lisiunganishwe kamwe na kifaa cha efekti, kwa sababu nguvu ya pale itakiunguza. Kama amplifaya ni ya taa, yaani ya valvu za kioo, usiiwashe bila spika.

Jambo moja sitalinyamazia. Kuna wanaovunja pini ya athi, ile ya kupeleka umeme uliovuja ardhini, kwenye plagi ya amplifaya ili mngurumo uishe. Ndugu zangu, umeme wetu ni volti 240. Vidole viko kwenye nyuzi za chuma, midomo iko kwenye maikrofoni. Niliwahi kuhisi mdomo ukiwashwa kama nimelamba betri, tukakuta plagi ina pini mbili tu. Mngurumo utafutiwe dawa kwenye waya za gitaa au kwa kuchomeka vyombo vyote sehemu moja.

Kasoro ya kifaa kwangu ni kwamba tundu la kutolea sauti ni moja, nalo ndilo la hedfoni. Hata hivyo ningekinunua tena. Oktava naitumia kwenye mikisa pekee, na kwenye amplifaya ile ya gitaa nimebandika utepe mweupe ulioandikwa kwa kalamu nene: BESI HAPANA.