Goodbye, Eri: nimelia, nimekasirika, na yule kijana wa duka sijamsamehe

Kabla hamjaniuliza kitabu chenyewe kikoje, ngojeni kwanza nimalizane na aliyeniuzia.

Ni duka moja la vitabu katikati ya jiji la Nairobi, jina nalihifadhi. Binti wa kaka yangu, ambaye chumba chake kimejaa manga, vile vitabu vya hadithi za michoro vya Kijapani, hadi chini ya kitanda, alikuwa ameniambia, "Shangazi, tafuta Goodbye, Eri. Inahusu mama." Hakuongeza neno, na mtoto huyo si wa kunyamaza, kwa hiyo nikajua ana sababu. Nikakikuta rafuni kimefungwa nailoni. Nikamwomba kijana wa pale anifungulie nitazame michoro. Akaichana ile nailoni kwa ukucha, akanipa, nami nikafungua kama nilivyofungua vitabu vyote tangu shule ya msingi.

Akacheka. Si tabasamu la kumsaidia mgeni, ni kile kicheko cha kuita wenzake waje waone. "Mathe, umeanzia mwisho! Manga inasomwa kutoka kulia." Mathe, yaani mama! Mimi na yeye hatujawahi kukutana, na mtoto wangu mkubwa bado anaenda shule kwa kaptula. Sijamaliza kumeza hilo, akainama juu ya mkono wangu, akagonga ukurasa kwa kidole. "Lakini hapo ndipo patamu. Jamaa anaondoka, jengo linalipuka nyuma yake. Boom. Imeisha hivyo."

Nikalipa. Msiniulize kwa nini. Nailoni ilishachanwa, watu wawili nyuma yangu walikuwa wanasubiri, na mimi nikikasirika sana huwa napoteza maneno mpaka nifike kituo cha matatu. Hapo ndipo yalipokuja yote, mazuri kabisa, na hakuna wa kumwambia.

Sasa kitabu. Niseme wazi kwamba nilikisoma nikiwa nimenuna. Kila ukurasa nilioufungua nilikuwa nasubiri bomu la yule kijana. Na lilikuja upesi kuliko nilivyotarajia, maana hata hujazoea kusoma kutoka kulia, hospitali imekwisha lipuka.

Yuta ni mtoto wa shule, Japani. Amepewa simu siku ya kutimiza miaka 12, na mama yake, ambaye ni mgonjwa, anamwomba amrekodi, kila siku, mpaka atakapokufa. Basi mtoto anarekodi. Mama anakula, mama anacheka, mama kitandani. Siku yenyewe ikafika, baba anamwita aingie chumbani, naye badala ya kuingia anakimbia, anatoka nje ya hospitali, na nyuma yake hospitali yote inalipuka kwa moto. Kumbe tulikuwa tunatazama filamu aliyoihariri mwenyewe, na sasa inaonyeshwa mbele ya shule nzima. Wanafunzi wanamcheka. Mwalimu anamwita kumuuliza kama anaelewa alichomfanyia marehemu mama yake. Mtoto anapanda juu ya paa la hospitali ile ile ajirushe.

Hapo nilikifunga kitabu. Sikuwa nalia, nilikuwa na hasira na huyo mtoto, sawa kabisa na yule mwalimu. Mama yako anakata roho wewe unamwekea baruti? Nikamtumia mpwa wangu ujumbe wa sauti wenye maneno ambayo shangazi hapaswi kumtumia binti wa kaka yake. Akajibu kwa maandishi: "Endelea."

Juu ya paa ndipo anapotokea Eri, msichana ambaye peke yake katika shule nzima aliipenda ile filamu na kuudhika kwamba wengine walicheka. Anamburuta Yuta hadi kwenye jengo lililohamwa, ana sofa huko na mashine ya kuonyeshea filamu ukutani, wanatazama sinema baada ya sinema, kisha anampa kazi: tengeneza nyingine, na safari hii uwalize. Wanaanza kutunga hadithi ya mvulana na msichana mnyonya damu, na Eri ndiye anayeigiza mnyonya damu. Mnaanza kupendezwa nao. Mnasahau bomu. Mimi nililisahau kabisa, nakiri kwa uchungu, kwa kuwa nilitaka kuendelea kumlaumu yule kijana.

Tatsuki Fujimoto, mtunzi na mchoraji wake, anachora kurasa hizi kwa namna ya kuudhi. Karibu kila ukurasa una vipande vinne virefu vilivyolala, kimoja juu ya kingine, kama unavyoona kwenye simu iliyogeuzwa ubavu. Na mahali pengi mistari imechorwa maradufu, imefifia, kana kwamba mkono ulioshika simu ulitikisika. Mara ya kwanza nilidhani ni uchapaji mbovu, nikawa tayari kurudi dukani na maneno yangu yote ya kituo cha matatu. Sivyo. Ni makusudi. Shida inayokuja nayo ni kwamba hujui lini simu inarekodi na lini imezimwa. Kuna mahali Yuta na baba yake wanazungumza jambo zito, unashikwa na koo, halafu unagundua walikuwa wanaigiza, na baba anaulizia kama amelitoa vizuri. Nilitaka kukirusha kitabu. Unampaje mtu machozi halafu unamnyang'anya?

Halafu Eri anaanguka. Yeye naye ni mgonjwa, naye anakufa. Yuta hataki tena kushika simu. Ndipo baba yake anamketisha na kumwonyesha zile picha ambazo hazikuingia kwenye filamu ya mama.

Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Mama wa Yuta hakuwa yule tuliyemwona. Alikuwa mtu wa kazi za televisheni, na alitaka arekodiwe ili akipona apate kipindi. Katika zile picha zilizokatwa anamfokea mtoto, anampiga, anampa amri za namna ya kushika kamera. Na pale kitandani mwishoni, akiambiwa kwamba mwanawe hakuingia, analosema ni kwamba mtoto huyo hafai kitu mpaka dakika ya mwisho. Yuta alikuwa na hayo yote mkononi. Akayakata. Akatuachia mama anayecheka. Na baba hamlaumu, anamwambia kwamba ana uwezo wa kuchagua amkumbuke mtu vipi, na kwamba alichofanya kwa mama kilikuwa kizuri.

Kwetu Taita, na naamini kwenu pia, mtu akifa anaandikiwa wasifu. Unachapwa kwenye karatasi ya kung'aa, picha ya rangi mbele, unasomwa kaburini kwa kipaza sauti. Wa mama yangu aliuandika kaka. "Alikuwa mpole, mwenye subira, hakuwahi kuinua sauti." Mpole! Mwanamke aliyemtoa mhubiri uani kwa mwiko wa ugali mchana kweupe, na huyo mhubiri alikuwa amekaa pale pale mstari wa pili anaitikia kwa kichwa. Hakuna aliyecheka. Marehemu hasemwi vibaya. Nilisimama pale nikamsikiliza mwanamke nisiyemjua akizikwa, na nilimkasirikia kaka kwa muda ambao siwezi kuutaja hapa maana anasoma ninachoandika.

Kwenye simu yangu kuna kipande kimoja nilichomrekodi mama akiwa amelala wodini. Anageuka, anaiona simu, anasema, "Hiyo ndiyo itaninywesha maji? Weka chini." Ni sekunde chache tu, na sauti yake ni kali kama siku zote. Ndugu zangu hawakitaki. Waliniomba nikifute, wakasema si picha ya kumkumbukia mtu. Mimi ndicho ninachokisikiliza.

Kwa hiyo nilipofika pale baba wa Yuta anapomsifu mtoto kwa kukata, nilimpigia kelele baba wa kuchorwa, peke yangu, jikoni. Unamsifu kwa kusema uongo? Na mama yake alikwenda wapi, yule mwenye hasira? Nani atamkumbuka yule? Ndipo nilipoamua nitaandika tathmini ya nyota moja na nimtaje Fujimoto kwa jina kama mtetezi wa wasifu wa makaburini.

Kisha ukurasa unageuka. Eri anakufa, filamu yake inaonyeshwa shuleni, safari hii wote wanalia. Na baadaye rafiki wa Eri anamjia Yuta na kumwambia kwamba Eri halisi alivaa miwani, alivaa waya za meno, alikuwa mwenye kujipenda na mwepesi wa hasira. Hakuna hata kimoja cha hivyo tulichokiona. Yuta alivikata pia! Nilidhani huyo rafiki sasa atamtukana kwa niaba yangu. Nilikuwa nimejiandaa. Badala yake anamshukuru. Anasema kila atakapotaka kumkumbuka, atatazama ile filamu.

Sijui niwaambieje. Nilikasirika, halafu hasira ikakosa pa kukaa. Maana sisi wasomaji tulimwamini Eri asiye na miwani. Tulimpenda. Fujimoto hakutuhubiria kuhusu kumbukumbu, alitukatia picha na sisi wenyewe tukalizwa na zilizobaki, kama wale wanafunzi. Nikamfikiria kaka na kile kipaza sauti. Sijamkubalia, asianze kufurahi. Lakini nimeelewa kwamba ile karatasi ya kung'aa ilikuwa ni yeye anakimbia kutoka hospitalini.

Mnaona sasa kwa nini siwezi kumsamehe yule kijana? Jengo la mwisho nililiona kabla ya kulipa. Yuta amekuwa mtu mzima, amepatwa na msiba mwingine, anarudi kwenye lile jengo la sofa kujiua, na nani ameketi pale anatazama filamu? Eri. Hajazeeka hata siku moja. Anadai kwamba kweli ni mnyonya damu, kwamba alifufuka, lakini kumbukumbu zake zilifutika, na sasa ana ile filamu ya kumwambia yeye ni nani na aliishi na nani. Ni kweli? Ni filamu nyingine? Ni mtu aliyevunjika anayejihadithia? Kitabu hakikwambii, na mimi nilikuwa hapo nimeshika pumzi, na kichwani sauti ya mtu anayeniita mathe inasema, "Boom." Ule mshtuko ulikuwa haki yangu. Nilikuwa nimeulipia.

Hata hivyo, lazima niseme, lilipolipuka nilicheka. Nilijua linakuja, nililiona kwa macho yangu dukani, na bado nilicheka na machozi yananitoka, kwa sauti iliyomfanya mtoto wangu aje kuuliza kama niko sawa. Kumbe bomu hilo huwezi kuharibiwa kwa kuonyeshwa, kwa sababu bila hospitali ya mwanzoni, na bila ya miwani ya Eri, ni picha tu ya moshi. Yule kijana hakuniambia kitu. Sina hakika hata kama amekisoma. Pengine naye alionyeshwa picha ile na mtu mwingine, akabaki nayo. Hilo halimwondolei lile neno mathe.

Mnaotaka kujua kama mnunue: kinapatikana kwa Kiingereza tangu 2023, na kinasomeka kwa kikao kimoja japo ni kinene, maana maneno ni machache. Kama mmemzika mtu mwaka huu, kiacheni kwanza. Nasema kwa uzito. Mtoto anayetaka kujirusha anaonyeshwa bila kupakwa rangi, na mtu mzima anayetaka kujinyonga vile vile, na hakuna ukurasa wa kuwashika mkono. Kama mmezika zamani na bado mna ugomvi na wasifu uliosomwa, nunueni kesho.

Nyota? Nilianza na moja. Nilipofika kwa rafiki wa Eri nilitaka kutoa tano na kumtumia mpwa wangu nauli ya kuja kunikumbatia. Kisha nikakumbuka ule msiba mwingine wa Yuta mtu mzima. Amepata mke, amepata binti, baba yake bado yupo, na wote wanauawa katika ajali ya gari ndani ya vipande vichache vya kuchorwa. Hatukukaa nao mezani. Mke sikumwona vya kutosha hata nikamjua. Wameuawa ili jamaa apate sababu ya kurudi kwenye sofa. Mtu aliyejua kutumia zaidi ya nusu ya kitabu kuniuzia msichana mmoja asiye na miwani, anashindwaje kunipa kurasa nne za mtoto wake? Mpwa wangu anasema huenda nao ni filamu, hawakuwahi kuwepo, ndiyo maana wamechorwa hivyo. Jibu zuri, lakini lina urahisi wake: kila kasoro utaambiwa ni filamu. Nyota nne, basi. Tatu na nusu. Mpwa wangu ananiambia hakuna nusu, niweke nne.