Uzoefu wangu na Radeon RX 6600: thamani ya kadi ya bei ya chini

Natumia Radeon RX 6600, kadi ya michoro ya AMD, kwenye monita ya 1080p (vitone 1920 kwa 1080), na kwangu bado ndiyo kipimo kizuri cha thamani katika kadi za michoro za bei ya chini. Ilitoka Oktoba 2021 kwa dola 329, wakati wachimba sarafu za kidijitali walikuwa wakifagia kila kadi sokoni. Ethereum ilipoacha kutegemea uchimbaji wa kadi Septemba 2022, bei ziliporomoka, na hapo ndipo kadi hii ilipoanza kustahili pesa yake. Kwa hiyo muuzaji anayekutajia bei ya uzinduzi ili uone amekupunguzia, usimsikilize. Linganisha na kadi nyingine zinazouzwa leo.

Kila kadi ya bei ya chini imekatwa mahali fulani, na thamani yake inategemea imekatwa wapi. RX 6600 imekatwa njia za PCIe, yaani njia za data kati ya kadi na ubao mama, ziko 8 badala ya 16, na basi ya kumbukumbu, upana wa njia kati ya chipu na kumbukumbu yake, ni biti 128 tu. Lakini VRAM, kumbukumbu ya kadi yenyewe, ni GB 8, ina kashe (akiba ndogo ya haraka ndani ya chipu) ya MB 32 inayofidia ule wembamba wa basi, inarekodi video yenyewe, na inakula wati 132 kwa plagi moja ya pini 8. Sasa tazama RX 6500 XT ya Januari 2022, iliyotoka kwa dola 199: VRAM GB 4, basi ya biti 64, njia 4, na haina kabisa kifaa cha kurekodi video. Ukiichomeka kwenye ubao mama wa PCIe 3.0, njia hizo 4 hupitisha kama GB 4 kwa sekunde. Teksicha (picha za nyuso za vitu kwenye gemu) zikijaa kwenye VRAM, zinazobaki hukaa kwenye RAM ya kompyuta na kupita mlango huo mwembamba kila zinapohitajika. Gemu inakwamakwama hata pale wastani wa fremu unapoonekana mzuri. RX 6600 kwenye ubao huohuo hupata GB 8 kwa sekunde hivi, na kwa kuwa VRAM yake ni maradufu, haiendi kuchota nje mara kwa mara.

Hesabu ya bei kwa fremu ni rahisi na inasaidia. Chukua wastani wa fremu kwa sekunde wa gemu kadhaa, kwa ubora wa monita yako, kisha gawa bei kwa wastani huo. Kadi ya dola 200 yenye fremu 80 inakugharimu dola 2.50 kwa fremu. Ya dola 250 yenye fremu 110 inakugharimu 2.27, kwa hiyo ile ghali ndiyo nafuu. Ila rudia hesabu kwa ile asilimia 1 ya fremu mbovu zaidi. Kadi za GB 4 huangukia hapo.

Majina nayo yanapoteza pesa za watu wengi. RTX 3050 ya NVIDIA yenye GB 8 ina kora (vichakato vidogo) 2560. Ya GB 6, iliyotoka Februari 2024, ina kora 2304 na basi ya biti 96. Hizo ni kadi mbili tofauti, hata kama sanduku linafanana. RTX 3060 ya GB 12 ina basi ya biti 192, ile ya GB 8 ina biti 128. RX 580 halisi ina vichakato 2304, lakini ipo inayoandikwa 2048SP, ambayo kwa kweli ni sawa na RX 570. Hata RX 6600 ina ndugu yake, RX 6600M, chipu ya kompyuta mpakato iliyopachikwa kwenye kadi ya mezani. Inafanya kazi, lakini haistahili bei ileile.

Kwa mtumba, nisingetoa pesa bila kufungua GPU-Z, programu inayosoma sifa za kadi. Kwa RX 6600 isome vichakato 1792, biti 128, na kumbukumbu MB 8192. Kadi za zamani zilizobadilishiwa BIOS (programu iliyo ndani ya kadi) ili zijiite jina jipya zimejaa sokoni, na programu hii huziandika neno FAKE mbele ya jina inapozigundua. Usishtuke ukiona kasi ya PCIe iko chini: kadi ikiwa imetulia hujishusha yenyewe, hivyo bonyeza alama ya kuuliza iliyo pembeni, uendeshe jaribio lake, ndipo usome. Halafu ipige FurMark, programu ya kuisukuma kadi hadi mwisho, kwa dakika 15 huku ukiangalia joto la kawaida na la sehemu moto zaidi. Tofauti ikizidi nyuzi 30 hivi, pesti ya kupitisha joto imekauka au kipozeo hakijakaa sawa; hilo hurekebishika, na ni sababu nzuri ya kushusha bei. Madoa ya rangi au mistari ya vijisanduku kwenye skrini ni kumbukumbu inayokufa. Hiyo iache, hata kwa bei ya kutupa.

Pawa saplai ndiyo gharama inayosahaulika. AMD inapendekeza wati 450 kwa kadi hii, na kompyuta nyingi zilizotoka maofisini hazina plagi ya pini 8. Mtu hununua adapta ya kutoka SATA kwenda pini 8, akidhani amemaliza. Kiunganishi cha SATA kimepimwa kubeba ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54, wakati plagi ya pini 8 inaruhusiwa kuvuta hadi 150. Plastiki huanza kulainika, kisha kuungua. Kama pawa saplai haibadilishiki, chukua RTX 3050 ya GB 6: inakula wati 70 na inatosheka na umeme wa sloti. Fremu zitakuwa chache, lakini hutanunua vitu viwili.

Ukishaifunga, chomeka kebo ya monita kwenye kadi yenyewe, si kwenye ubao mama. Kosa hili ni la kawaida kuliko watu wanavyokubali. Futa draiva ya zamani kwa DDU, programu ya kuondoa draiva za michoro, ukiwa kwenye Safe Mode, hasa ukitoka NVIDIA. Ndani ya BIOS ya ubao mama zima CSM (hali ya kuwasha kizamani), washa Above 4G Decoding, kisha Resizable BAR, inayoruhusu prosesa kufikia VRAM yote kwa mkupuo. Angalia kwanza diski ya Windows: ikiwa ni MBR, mfumo wa zamani wa kugawa diski, Windows haitawaka CSM ikizimwa. Hifadhi mafaili yako, kisha tumia amri ya mbr2gpt /convert /allowFullOS kabla ya kugusa BIOS. Washa XMP pia, mpangilio unaoipa RAM kasi yake kamili, na RAM iwe vijiti viwili, maana kijiti kimoja hunyima prosesa kasi na lawama huiangukia kadi.

Kwa 1080p na mipangilio ya kati hadi ya juu, RX 6600 inanitosha. Ray tracing, uchoraji unaofuata miale ya mwanga, iwashe ukitaka kuangalia tu, ingawa kuwa na uwezo huo kuna maana: Doom: The Dark Ages ya Mei 2025 haichezeki kabisa kwenye kadi isiyo nao, kama GTX 1650 au RX 580. FSR nayo, mbinu ya AMD ya kuchora picha ndogo na kuikuza, siipendi kwa 1080p. Ikiwa kwenye Quality, kadi inachora 1280 kwa 720 kisha inavuta picha, na majani na nyaya za mbali humetameta. DLSS, mbinu kama hiyo ya kadi za RTX, ni safi zaidi hapo, kwa hiyo RTX 4060 ikizidi bei kwa kiasi kidogo, ningeongeza.

Arc B580 ya Intel, iliyotoka Desemba 2024 kwa dola 249 ikiwa na GB 12, ni nzuri kwa mwenye prosesa mpya. Bila Resizable BAR inashuka vibaya, na prosesa ya zamani inalemewa na draiva yake. Kwa kompyuta ya zamani bado ningeshika RX 6600.

Kwa mpya, RTX 5060 ilitoka kwa dola 299 ikiwa na GB 8. RX 9060 XT ya GB 16 ilitoka kwa 349, ikiwa na njia zote 16 za PCIe. Mradi tofauti ya bei dukani inabaki karibu na hiyo dola 50, ningesubiri niipate hiyo ya GB 16 kuliko kununua GB 8 mpya kwa dola 299.