Bunge la ukumbini au la skrini?
Korona ilipobisha hodi mwaka 2020, mabunge mawili ya nchi zinazozungumza Kifaransa yalishika njia tofauti. Ufaransa iling'ang'ania ukumbi: mwezi Machi waliingia wabunge wachache tu wa kila kundi, viti vitupu vikiwazunguka. Kanada ilichanganya. Wengine walikuwa ukumbini Ottawa, wengine sebuleni kwao, na kufikia Machi 2021 wakawa wanapiga kura kwa programu ya simu.

Kwa mikutano ya ushirikiano wa nchi zilizotawanyika mabara kadhaa, mimi ningechukua njia ya Kanada, tena bila kusita. Ila wakalimani wa huko ndio walioumia: sauti mbovu za maikrofoni za nyumbani ziliwaharibu masikio. Na maneno yanayosemwa kando, kikombe cha kahawa mkononi? Hayo skrini haiyaleti.