Chujio la Mishumaa na Chokaa ya Maji ya Mfereji: Tathmini ya Miezi Minne, Mji Mkongwe

Maji ya mfereji katika nyumba tunayoishi, upande wa Malindi hapa Mji Mkongwe, Unguja, si machafu wala hayana chumvi ya kuudhi, lakini ni magumu, yaani yana chokaa nyingi iliyoyeyuka ndani yake. Birika la umeme huota ukoko mweupe ndani ya wiki mbili, mche wa sabuni hautoi povu mpaka mtu ausugue kwa hasira, na kanzu nyeupe ikishafuliwa mara kadhaa huanza kuelekea rangi ya majivu. Hayo ndiyo yaliyonipeleka Darajani mwanzoni mwa masika kununua chujio.

Chujio lenyewe ni la plastiki, la ndoo mbili zilizopandana: ya juu ina mishumaa miwili ya kauri yenye mkaa ndani yake, na ya chini ina koki ya kutekea. Nililipa shilingi 95,000. Muuzaji, mtu mpole kwa kweli, alinihakikishia akisema, "Sheikh wangu, chokaa yote itabaki huku juu, chini utateka maji kama ya mvua." Basi nikaona niyapime maneno hayo kabla ya kulipima chujio.

Nilichukua chupa tatu zilizo sawa, nikatia katika moja maji ya mvua, katika ya pili maji ya mfereji, na katika ya tatu maji yaliyochujwa, kisha nikatia kila moja kipande cha sabuni cha ukubwa ule ule na kuzitikisa. Ya mvua ilijaa povu papo hapo. Zile mbili nyengine sikuweza kuzitofautisha, kwani zote zilibaki na povu hafifu na utandu mweupe unaoelea. Sababu haihitaji maabara. Mvua inapopenya ardhini hubeba hewa ya kaboni na kupata ukali kidogo, na kwa kuwa sehemu kubwa ya Unguja ni jiwe la matumbawe, maji hayo huliyeyusha jiwe na kulichukua. Madini yaliyokwisha kuyeyuka hupita kwenye kauri kama sukari ipitavyo kwenye kichujio cha chai. Kauri huzuia mchanga na kutu, mkaa hunasa harufu ya dawa ya kusafishia maji, basi. Ukoko tunaoukwangua birikani ni ndugu wa chokaa iliyopakwa kuta za mji huu, na sidhani kama waliokunywa maji ya chemchemi za Bububu, yalipoletwa mjini kwa mabomba zama za Sultani Barghash, waliokolewa na adha hii.

Kiafya, jambo hili lisimtishe mtu. Kwa kipimo kinachotumika sana, maji yenye zaidi ya miligramu 180 za chokaa kwa lita huitwa magumu sana, lakini Shirika la Afya Duniani halikuweka kikomo chochote cha ugumu kwa sababu za kiafya. Hasara iko jikoni na kwenye beseni la kufulia. Mbaazi zikipikwa kwa maji haya huchelewa kuiva, maana kalisiamu, madini yaliyomo kwenye chokaa, huyakaza maganda yake, na kuni au gesi huteketea bure. Ndiyo maana majirani zangu wenye mapipa ya mvua huyaweka maji hayo kwa ajili ya mbaazi na maharage.

Nilipokaribia kulirudisha chujio dukani, nilibadilisha utaratibu, na hapo ndipo liliponifaa. Maji yakichemshwa, sehemu kubwa ya chokaa hugeuka unga mweupe usioyeyuka. Sasa tunachemsha jioni, tunayaacha yatulie usiku kucha kwenye sufuria iliyofunikwa, asubuhi tunayamimina taratibu bila kuchukua masimbi ya chini, ndipo tunayapitisha kwenye chujio, ambalo hukamata ule unga uliosalia. Chai ya rangi iliyopikwa kwa maji hayo haina tena ule utandu wa juu unaong'aa kama mafuta. Tusingeacha kuchemsha hata hivyo, kwani boksi linadai kwamba chujio huondoa vijidudu vyote, na mimi siliamini dai hilo: virusi ni vidogo kuliko vitundu vya kauri.

Kwa harufu ya dawa na kwa kutu inayokuja maji yanaporudi baada ya kukatika, chujio hili ni zuri, na kwa kazi hiyo bei yake si ya kulalamikia. Koki ilivuja wiki ya kwanza, ikatulia baada ya kubadilishwa raba. Mwezi wa tatu maji yalianza kudondoka kwa uchovu, nikaisugua mishumaa kwa brashi laini bila sabuni, kasi ikarudi. Kwa nguo halisaidii hata kidogo, na birika bado nalisafisha kwa maji ya ndimu ya moto. Anayetaka kuondoa ugumu wenyewe atahitaji mtambo wa aina nyengine, ule unaobadilisha kalisiamu kwa sodiamu itokayo kwenye chumvi, na duka nililonunulia halina. Mishumaa ya akiba wanayo, lakini huuzwa miwili miwili, hata kama uliovunjika ni mmoja.